Nilivyotafuta maua ya kuhimili kaskazi ili matikiti yangu yapate nyuki

Kwa miaka 19 nilikuwa fundi cherehani Ngamiani, hapa Tanga mjini. Macho yalipoanza kuchoka nikarudi kwenye shamba aliloniachia marehemu baba upande wa Pongwe, nusu ekari na ushee, lenye minazi sita, mwembe mmoja, na kisima ambacho ukifika mwezi wa pili maji yake yana ladha ya chumvichumvi. Sikuwa mkulima. Nilijua mchicha na bamia za nyumbani, basi. Haya ninayoyaandika yamenichukua misimu miwili na fedha ambazo nikizikumbuka bado zinaniuma. Tangu mavuno ya mwaka 2025 watu wanakuja kuniomba mbegu za maua, na karibu wote wanauliza swali nililoanza nalo mimi, lile lililonipoteza: ua gani linapendeza?

Mambo yalianza na matikiti maji. Mtu wa pwani hahitaji kuambiwa bei ya tikiti inavyopanda Ramadhani. Ramadhani ya 2024 ilikuwa inaingia karibu katikati ya Machi. Tikiti huchukua kama siku 80 hadi 90 tangu mbegu kutiwa ardhini, kwa hiyo nikahesabu kurudi nyuma, nikaangukia Desemba. Vuli ya 2023 ilikuja na mvua nyingi za El Niño, nikangoja udongo upumue, nikapanda wiki ya tatu ya mwezi huo. Robo ekari, mashimo 500. Mbegu, samadi, vibarua, petroli ya pampu na dawa vilinila shilingi 780,000, na sehemu kubwa ya hizo ilitokana na kuuza cherehani yangu ya pili.

Mwishoni mwa Januari shamba lilikuwa zuri kulitazama. Majani yametambaa, maua ya njano kila pahali. Kisha vitikiti vidogo vikaanza kugeuka manjano, vikasinyaa, vikadondoka. Vichache vilivyobaki vilikua vimebinyika, upande mmoja mnene na mwingine mwembamba. Nikaongeza mbolea. Vikadondoka. Nikaongeza maji. Vikadondoka. Jirani mmoja akaniambia nina jicho la mtu shambani. Mwingine akanishauri dawa ya kupulizia ya shilingi 28,000, nayo nikainunua siku hiyo hiyo.

Bwana shamba wa kata alipokuja na bodaboda ilikuwa kama saa moja na nusu asubuhi. Ni kijana wa umri wa mwanangu wa pili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu uone msiba wangu."

Hakushika jani wala hakuuliza mbolea. Alichuchumaa katikati ya tuta akaniambia, "Mama, tukae hapa dakika 10. Tusiseme kitu, tuhesabu nyuki." Tukakaa. Alikuja nzi, akaja sisimizi mmoja, na mwishoni nyuki mmoja aliyepita juu bila kutua. Kijana akasimama akaonyesha ua lenye kitikiti chenye manyoya nyuma yake, akasema hili ni jike, na lile lisilo na kitu nyuma ni dume. Yote mawili hufunguka asubuhi mapema na mchana yanafunga, na ua jike lililofunga leo halifunguki tena kesho. Chavua ya tikiti ni nzito na inanata, upepo hauibebi, lazima mdudu aichukue kwa dume aipeleke kwa jike, tena zaidi ya mara moja, kwa sababu ndani ya ua jike kuna sehemu tatu za kupokea chavua na zote zinatakiwa zipate. Zikipata kidogo, tunda linakua upande mmoja. Zikikosa, linadondoka.

Nilikaa chini pale pale. Niliona aibu ya wiki tatu za kumwaga mbolea kwenye jambo lisilohusu mbolea.

Siku zilizofuata nilifanya kazi ya nyuki mwenyewe. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi niko tutani, nachuma ua dume, natoa petali zake, napaka kile kiini katikati ya ua jike, naenda kwenye lingine. Ua dume moja linatosha majike mawili au matatu. Kazi hii inawezekana, na mwenye mashimo 30 nyuma ya nyumba namshauri aifanye bila kusita. Kwa mashimo 500 ni adhabu. Ikifika saa tatu mgongo haunyooki, na bado sijafika nusu. Nilipata matikiti 137 ya kuuzika. Nilirudisha shilingi 310,000.

Swali likabaki, nyuki wako wapi? Jibu nilikuwa nimelitengeneza kwa mkono wangu. Kabla ya kupanda nilipalilia shamba lote likawa safi kama sakafu iliyodekiwa, nikachoma moto kingo zote nne. Kishona nguo nilikiona adui, nikaking'oa hadi njiani. Na hicho ndicho kipindi cha kaskazi, Desemba hadi Machi, jua kali, pori lote limekauka, mdudu hana pa kula. Nyuki hawezi kukaa mahali kungoja matikiti yangu yachanue wiki tatu kwa mwaka. Anakaa panapomlisha kabla na baada.

Kwa hiyo nikaamua kupanda maua ya msimu mmoja. Kwa nini si miti? Miti nimepanda pia, ila mti unataka miaka. Sisi wa Tanga tumekulia kando ya mkonge, mmea unaongoja miaka mingi ndipo utoe mlingoti wake wa maua, mara moja tu, kisha ufe. Ua la msimu mmoja linafanya mzunguko huo mzima ndani ya miezi mitatu au minne, na ukikosea unakosea kwa bei ndogo. Mimi nilikosea mara nne.

Kosa la kwanza lilitoka kwa mapenzi. Binti wa mama yangu mdogo anaishi Lushoto, na bustani yake ukiiona unaweza kulia. Akanitumia pakiti za petunia, paanzi na nyingine ambazo hata majina sikuyajua. Nilizisia mwezi wa tatu chini ya kivuli cha makuti, zikaota vizuri, nikajisifu. Nikahamishia miche kingoni mwa shamba. Siku ya kwanza saa nane mchana ikalala. Jioni nikamwagilia, ikainuka. Siku ya tatu haikuinuka. Lushoto iko milimani, zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari, watu wanalala na mablanketi. Huku kwetu usiku wa Machi shuka tu ni mzigo. Paanzi ni ua la baridi, na mmea wa baridi ukiupeleka kwenye joto la zaidi ya nyuzi 30 mchana, usiku nao usio na nafuu, tena ukaunywesha maji ya chumvichumvi, unaumaliza. Hakuna matunzo yatakayobadilisha hilo. Tangu siku hiyo mtu akinipa mbegu namuuliza kwanza zimetoka wapi na kule usiku kunakuwaje.

Kosa la pili lilikuwa la huruma. Nilipata mbegu za kosmosi ya rangi ya machungwa kutoka kwa muuza miche mmoja, naye akaniapia kuwa inapenda jua. Ni kweli, asili yake Meksiko na nchi za jirani, jua ni kwao. Nikaisia mwezi wa tano mvua zikielekea ukingoni, na kwa kuwa nilikuwa na samadi iliyobaki, nikaichanganya nyingi. Ilipanda hadi ikanifika kifuani, majani ya kijani kibichi, shina laini, na ua hakuna. Nilingoja wiki tisa ndipo yakatoka machache, na upepo wa kusi ulikuwa umeshalaza nusu ya miche. Kosmosi ukiilisha sana inajenga majani na kusahau maua. Sasa naipanda kwenye kile kipande kibaya zaidi cha shamba, chenye mchanga na vipande vya mawe ya chokaa, sitii chochote, na inachanua siku ya 50 au 55.

Kosa la tatu ndilo lililoniuma kwa namna nyingine, maana lilionekana kama ushindi. Marigoldi, ile yenye kichwa kilichojaa kama pomponi. Mwezi wa nane nilikuwa nayo mistari miwili, njano na machungwa, watu wanasimamisha baisikeli barabarani kupiga picha. Dada mmoja alinipa shilingi 15,000 kwa ndoo moja ya maua ya kupambia sherehe. Mimi nikakaa dakika 10 kama nilivyofundishwa. Nyuki wawili. Kesho yake tena, watatu. Nilikuwa nimepanda kwa jicho la fundi nguo. Maua ya aina hii, marigoldi, zinia, alizeti, kile tunachokiita ua moja ni maua madogo mengi yaliyokaa pamoja. Ya pembeni yana petali za kuvutia, ya katikati ndiyo yenye chavua na mbochi, yale majimaji matamu anayonyonya nyuki. Wazalishaji wa mbegu wametafuta vichwa vinono kwa kuyageuza yale ya katikati kuwa petali. Nyuki anatua, anatafuta mlango, haupati. Ukitaka nyuki, chukua aina yenye safu moja ya petali na kitovu cha wazi unachokiona kwa macho.

Vinka nayo naitaja haraka, kwa sababu karibu kila nyumba ya Tanga inayo mlangoni na watu wananiambia, "Si ile pale, haifi na jua?" Haifi kweli, asili yake Madagaska. Lakini mbochi yake iko chini ya mrija mrefu mwembamba, ulimi wa nyuki wa asali haufiki. Vipepeo wanafika. Mimi ninayo kwa ajili ya vipepeo.

Aliyenifungua macho ni mavyaa. Nyumbani kwake Makorora ana mstari wa rihani ukutani, anaukata kila wiki kwa ajili ya vikuba, asmini na rihani, anawauzia mabibi harusi na wamama wa maulidi. Siku moja nimeketi naye barazani, nikaona shina moja la pembeni limeachwa limetoa maua meupe, na limejaa nyuki mpaka linatikisika.

"Mama, hili mbona hukulikata?"

"Lile nimeliachia mbegu mwanangu. Rihani ukiikata kila siku haitoi ua, na isipotoa ua hao huwaoni."

Maneno yale niliyabeba hadi Pongwe. Nilikuwa nimetafuta mbegu mpaka Lushoto, na dawa ilikuwa kwenye ukuta wa mavyaa na kwenye magugu niliyoyang'oa. Nilichukua daftari langu la zamani la vipimo vya wateja, nikaanza kupima nyuki. Kila ua, dakika 10, saa moja asubuhi, saa tatu, saa sita, saa kumi. Nilifanya hivyo Agosti na Septemba yote, shambani kwangu na kwenye nyua za watu walioniruhusu.

Daftari lilinionyesha kitu ambacho sikukitarajia, kwamba saa ina maana kuliko rangi. Rihani na kivumbasi vina nyuki tangu asubuhi na mchana bado wapo. Alizeti ina pilikapilika nyingi asubuhi. Kishona nguo, lile gugu, nyuki hawakulikosa saa yoyote niliyokwenda. Portulaka, yale maua ya chini yenye majani manene ya maji, yanahimili jua na chumvi kuliko kitu chochote nilichopanda, lakini yanangoja jua likae sawa ndipo yafunguke, na alasiri yameshajikunja. Zinia ya petali chache ilileta vipepeo wengi, nyuki wa kiasi, na wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa boriti za paa, ambao mwenye pasheni anapaswa kuwaheshimu kwa sababu ndio wanaolimudu ua lake. Na saa za jua kali kabisa nyuki wa asali walipungua kote, wakawa wengi kwenye tope la kisima. Joto likizidi, wengi wanaacha chavua, wanabeba maji ya kupoza mzinga. Nikaweka beseni pana lenye mawe na maji, mawe yakijitokeza juu ili wasizame. Beseni la shilingi 6,000. Sijui kama kuna pesa niliyoitumia vizuri kuliko hiyo.

Sasa nifike kwenye kosa la nne, ambalo ningependa kuliruka.

Mwezi wa kumi 2024 bamia zangu zilishikwa na vidukari, majani yananata. Kando yake rihani na zinia zilikuwa zimeshachanua, nyuki wamezoea. Nilikuwa na haraka ya kwenda mjini. Saa tatu asubuhi nikajifunga bomba mgongoni nikapulizia dawa ile ile ya dukani niliyoitumia msimu uliopita wa matikiti, bamia zote, na kwa kuwa kulikuwa na upepo, na maua ya pembeni yakapata. Maua ya bamia yenyewe yalikuwa wazi. Niliporudi saa tisa niliwakuta chini. Wengine wamekufa, wengine wanazunguka juu ya udongo kwa mgongo, miguu inachezacheza. Niliokota mmoja kwenye kiganja. Ana chavua miguuni, vifurushi viwili vya njano.

Nilikuwa najua mizinga ni ya nani. Shamba la tatu kutoka kwetu kuna mzee ana mizinga mitatu chini ya miembe. Nilikaa hadi Magharibi nikijishauri nisiende. Nikaenda.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mbona usiku?"

Nikamweleza, sikuficha kitu, hata saa niliyopulizia. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaniambia ameshaona, tangu mchana mlangoni mwa mzinga mmoja wanatolewa maiti, na hakujua ni kwa nani. Nikamwambia nitalipa. Akakataa. Alisema, "Mwanangu, dawa mimi sikukatazi, na mimi nina minyanya. Ungemtuma mtoto jana jioni tu aniambie." Mzinga ule ulidhoofu, haukutoa asali msimu huo. Nimemsaidia kwa mambo mengine, lakini deni lile naliona kila nikipita njia ile.

Mwenye kupanda maua ya kuita nyuki halafu akapulizia asubuhi, anawaita kwenye mtego. Ninalosema hapa nalisema kwa uzito wote. Kama lazima upulizie, ngoja jioni kabisa jua likielekea kuzama, nyuki wamerudi, na maua mengi ya mboga yamefunga. Hakikisha hakuna upepo. Dawa za unga ziogope zaidi, kwa sababu nyuki anazibeba pamoja na chavua hadi kwa watoto wake mzingani. Soma karatasi ya kopo. Nyingi zimeandika wazi kuhusu nyuki, mimi sikuwahi kusoma. Hata mwarobaini naupulizia jioni. Na mjulishe mwenye mizinga siku moja kabla. Vidukari vya bamia siku hizi naviosha kwa maji ya sabuni ya kipande, jioni, siku mbili tatu mfululizo, na mara nyingi vinaisha.

Ramadhani ya 2025 ilikuwa inaingia mwanzoni mwa Machi, kwa hiyo matikiti yalitakiwa ardhini wiki ya kwanza ya Desemba, na yangechanua kuanzia katikati ya Januari. Safari hii nilianza na maua, nikihesabu kurudi nyuma kutoka siku ile. Alizeti ya kwanza niliisia mapema Novemba, kina cha sentimita tatu, maana inachukua kama siku 60 hadi 65 kuchanua. Siku 10 baadaye nikasia ya pili, siku 10 tena ya tatu, ili zisichanue zote wiki moja zikanyamaza zote wiki moja. Zinia na kosmosi zilifuata katikati ya Novemba. Ufuta mwishoni mwa mwezi, kwa sababu unawahi kutoa maua. Watu wanaufikiria ufuta wa Lindi na Mtwara kwa ajili ya kuuza. Mimi niliupanda mstari mmoja kwa ajili ya yale maua yake meupe yenye umbo la kengele, nyuki wanaingia mzima mzima. Ila ufuta hautaki maji yatuame, na ukiwa mdogo magugu yanaumeza, upalilie mapema. Rihani ilikuwepo tayari, nikagawa mistari miwili, mmoja wa mavyaa wa kukata, mmoja haukatwi.

Uzuri wa Novemba ni kwamba vuli inakumwagilia. Miche inashika mizizi kwa maji ya mvua, kaskazi inapoanza kukausha inakuta mmea umeshajiweka. Aliyeanza Januari na mche mchanga ataishi na ndoo mkononi. Mimi nilitandaza majani makavu na makumbi ya nazi chini ya mimea, unene wa vidole vinne, nikawa namwagilia mara mbili kwa wiki, maji mengi ya kushuka chini, badala ya kidogo kidogo kila siku. Kwa maji yenye chumvi hili ni muhimu zaidi, maana maji ya kidogo kidogo yanakauka juu na kuacha chumvi pale pale penye mizizi. Nilijua hivyo baada ya kingo za majani ya zinia kuungua. Zinia pia hairuhusiwi kulowa majani jioni. Inashikwa na ubwiriunga, ule unga mweupe kama wa sembe. Ipe nafasi, futi moja kati ya mche na mche, na maji yapige chini. Ikifika urefu wa shubiri moja kata ncha, itatoa matawi, na ua likizeeka likate, lingine linakuja. Mbegu za portulaka ni kama vumbi, zinataka mwanga ziote, usizifukie, zinyunyize juu ya udongo uliolowa na uzikandamize kwa kiganja.

Yako mambo yaliyoharibika bado. Alizeti niliipanda karibu mno na matuta, ikatia kivuli mstari wa kwanza wa matikiti asubuhi, saa ile ile maua yanapohitaji jua, na mstari ule ulizaa kidogo. Sasa naiweka upande wa magharibi, hatua tatu kutoka kwenye tuta. Tumbili walikuja kwa ajili ya vichwa vyake. Kosmosi ilimwaga mbegu ikaota hata katikati ya mihogo ya jirani, na alinijia juu, kwa haki. Siku hizi nakata vichwa kabla havijakauka, nabakiza vichache tu vya mbegu. Na kulikuwa na hofu moja iliyoninyima usingizi, kwamba maua yatawashika nyuki wasiende kwenye matikiti. Bwana shamba hakunipa jibu la moja kwa moja, akasema hesabu. Nilihesabu, na wiki ya kwanza ya matikiti kuchanua, alizeti kweli iliwashika. Nikakata nusu ya vichwa vyake nikawapa mbuzi. Baada ya siku mbili hivi matuta yakapata watu wake.

Asubuhi ya Januari 2025, saa mbili kasoro, nilikaa mahali pale pale tulipokaa na kijana mwaka uliotangulia. Dakika 10. Nyuki 14 kwenye kipande kile kidogo, mbali na wale wadogo wasiouma, ambao sikuweza kuwahesabu. Walikuwa wanaingia ua dume, wanatoka na unga wa njano mgongoni, wanaingia jike. Nililia, na sioni haya kusema hivyo.

Niliuza matikiti 390. Yalileta milioni moja, laki moja na kitu. Sitasema yote ni kazi ya maua; maji nilimwagilia vizuri zaidi, na mwaka ule mwingine nilikuwa mgeni wa kila kitu. Lakini yaliyobinyika safari hii yalikuwa machache, na mengi yake yalitoka kwenye ule mstari wa kivulini. Gharama ya maua yote, mbegu, beseni na kibarua wa siku mbili, ilikuwa shilingi 64,000, na misimu inayofuata itakuwa chini zaidi kwa sababu mbegu ninazo mwenyewe kwenye chupa za maji, zimekaushwa kivulini na zimeandikwa majina. Zinia na kosmosi zinaweza kurudi na rangi tofauti kidogo na mama yao. Nyuki hawajalalamika.

Kwenye kingo za shamba siku hizi nafyeka kwa zamu, upande mmoja nauacha na kishona nguo chake mpaka upande wa pili uote tena. Babu wa mizinga alipita wiki iliyopita, akasimama kwenye mstari wa rihani usiokatwa, akauliza kama kuna nafasi ya mzinga mmoja chini ya mwembe wangu. Nimeshapasafisha. Ramadhani ya 2026 ni ya kabla ya mwisho wa Februari, maana kila mwaka inawahi kwa kama siku 11 na kalenda ya shamba lazima isogee nayo, kwa hiyo alizeti ya kwanza ya msimu huo ni ya kutiwa ardhini wiki ya mwisho ya Oktoba 2025.